Scikit-fuzzy kwa alama za SDQ: inafaa, ila kanuni zisiwe na mapengo

Kwenye dodoso la SDQ la mzazi, linalopima matatizo ya hisia na tabia ya mtoto, jumla ya 13 kati ya 40 ni kawaida, 14 ni mpakani. Jibu moja tu linamhamisha mtoto kundi, jambo linaloumiza. Hapo scikit-fuzzy, maktaba ya bure ya Python inayoruhusu kitu kuwa kwenye makundi mawili kwa viwango kati ya 0 na 1, inasaidia kweli: "kawaida" ishuke kuanzia 11 hadi 16, "mpakani" ipande humohumo, mwenye 14 atapata 0.4 huku na 0.6 kule.

Kasoro yake: alama zikiangukia pasipo na kanuni ("kama alama ni hivi, basi jibu ni hili"), programu inagoma kutoa jibu. Andika kanuni kwa kila mchanganyiko wa alama, hata ule wa nadra. Vipengele 5 vya utu wema viwekwe kando, havimo kwenye ile 40. Mipaka aichore mtaalamu wa watoto.