Twisheni ya kijana wa chuo, Kimara: nilifuata Kiingereza, nikakuta kijiti

Binti yangu alimaliza mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa. Kuanzia hapo mpaka Januari, wenye watoto mnajua: simu, usingizi, na "mama kuna nini cha kula". Mimi ni fundi cherehani, siwezi kushona huku nachunga mtu. Jirani akanielekeza kwa kijana anayesomea ualimu wa sayansi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo kikifunga, anafundisha watoto uani kwa mama yake, Jumatatu hadi Alhamisi, saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, Sh. 30,000 kwa mwezi. Vituo vya pre-form one, yaani vya kuandaa watoto kwa kidato cha kwanza, nilivyoulizia huku kwetu vilianzia Sh. 60,000, na fulana yao unanunua. Nikampeleka kwa kijana.

Wiki ya kwanza nusura nikadai hela yangu. Nilinunua kaunta buku mbili nene, nikafungua moja: michoro ya glasi tatu, basi. Nikamfuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, notisi ziko wapi?"

"Notisi ataandika Januari mpaka mkono umuume, mama. Nipe wiki mbili."

Zile glasi zilikuwa za rozela. Waliloweka rozela kavu, maji wakayagawa: moja wakakamulia limao, nyingine wakatia magadi, ya tatu wakaiacha. Ya limao ikazidi kuwa nyekundu, ya magadi ikageuka kijani cha ajabu. Najua kwa sababu jioni yake binti alirudia nyumbani, akamaliza magadi yangu ya maharage, halafu akamweleza mdogo wake kwa Kiingereza. Kibovu, lakini chake. Kijana ana utaratibu huo: mtoto anakiona kitu kwanza, jina la Kiingereza linafuata. Wetu wanaotoka shule za msingi za serikali wamesoma karibu kila kitu kwa Kiswahili, wakiingia sekondari masomo karibu yote yanageuka Kiingereza ghafla. Mimi kidato cha pili nilikariri "photosynthesis" kwa herufi zake zote. Kwamba ni jani linajipikia chakula, nilikuja kujua nikiwa na watoto wawili.

Ila kilichonifanya niandike haya ni kijiti. Mwanzoni mwa Oktoba aliwaambia wasimamishe kijiti cha mita moja, wima kabisa, wapime kivuli kila siku saa 6 na dakika 10 mchana, hata Jumapili. Kila siku kikapungua, tena kidogo sana, haifiki sentimita moja. Tarehe 10 akatuita wazazi. Nikaacha gauni la mteja kwenye mashine nikaenda. Saa 6 na dakika 5 likapita wingu, watoto wakalipigia kelele kama refa. Likaondoka. Kijiti hakina kivuli! Chupa ya maji, kivuli kimejificha chini ya kitako chake. Akatueleza kwamba Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua likielekea kusini linatupitia utosini Oktoba, na likirudi linatupitia tena Machi. Muuza mihogo aliyekuwa anapita alitua baiskeli yake akajitazama miguuni. Miaka 41 naishi mji huu, sikuwahi kuliangalia hilo.

Sasa kasoro, maana zipo. Watoto 26, mabenchi matatu, waliochelewa wanakalia ndoo. Hesabu anazikimbiza: wanaojua wanafurahi, wangu sehemu bado zinamtoa jasho. Katikati ya mwezi aliomba Sh. 5,000 za waya, betri na glopu. Si nyingi, lakini angesema siku ya kwanza. Na kubwa zaidi, chuo kilipofungua Novemba alitutangazia Alhamisi kwamba Jumatatu hakuna darasa, wakati mwezi mzima nimeshalipa. Nusu alirudisha upesi. Nusu nyingine ilikuwa "mama, nitakutumia" mpaka Krismasi inakaribia. Alituma, lakini nilipiga simu mara nne, na fundi hapendi kudai kama anavyodaiwa.

Kwa hiyo kama mwanao ana intavyuu ya shule ya kulipia na unataka afanyishwe mitihani iliyopita mpaka akariri, nenda kwenye vituo, huku utapoteza hela. Kama yupo yupo tu anasubiri shule ya kata, mpeleke, ila lipa kwa wiki. Na mpe kofia, ule ua hauna mti.

Wangu sasa yupo kidato cha kwanza, na kaunta buku zimejaa notisi kama alivyoahidiwa. Ameshaniambia mwanzoni mwa Machi nifunge kibanda mchana, safari hii iwe saa 6 na nusu na dakika chache. Kijiti kipo uani kwetu tangu Desemba, nimekatazwa kufungia kamba ya nguo.