Gramps kwa nasaba ya visiwani: mtego uko kwenye jina la tatu

Kwa anayeandika nasaba ya ukoo wa wavuvi na wakulima wa visiwa vya Lamu kama Pate, Ndau au Kiwayuu, programu ya nasaba iitwayo Gramps inatosha, tena ni ya bure. Hukaa kwenye kompyuta yako (Windows, Mac au Linux), na ukishaipakua huhitaji intaneti, wala majina ya jamaa hayaendi kokote. Ila ukiijaza kama inavyokuja, ukoo utavurugika kabla hujafika kwa wajukuu.

Programu hii inangoja jina la ukoo linalorithiwa. Ukimwingiza Ali Omari Athmani, Athmani ndiye anayekaa pale. Mwanawe Omari Ali Omari anahesabiwa wa ukoo wa Omari. Ukipanga orodha, baba na mwana wamo koo mbili! Kwa hiyo andika jina la mlango wenu (tawi la ukoo) kwenye sehemu ya ukoo, kisha ongeza safu za jina la baba na la babu, kila moja ukiitia alama kuwa ni jina la baba, si la ukoo. Halafu ingia kwenye mipangilio uzime ule ukisiaji wa jina la mtoto kutokana na la babake. Lakabu nayo usiiache, ina kisanduku chake. Watoto wakiitwa kwa majina ya babu zao, Omari Ali hurudi kila baada ya kizazi kimoja, na bila lakabu utawaunganisha watu wawili kuwa mmoja.

Tarehe zimenifurahisha. Kalenda ya Kiislamu imo: aliyezaliwa mfungo sita unamwandika Rabiul Awwal moja kwa moja, naye hupangwa sawa na wenye tarehe za Kizungu. Hesabu yake haifuati mwezi uliooneka, basi siku moja au mbili za tofauti zisikushtue. Kwa "alizaliwa wakati wa kusi", chagua kati ya Mei na Septemba. Usichague kuanzia Mei hadi Septemba, maana uzazi haukuchukua miezi mitano. Ukiandika maneno matupu, tarehe haipangiki. Neno "kusi" litie kwenye maelezo ya pembeni.

Ndugu wa kunyonya hawana mahali pao. Kwao tumia sehemu ya mahusiano, uandike uhusiano kwa maneno yako, na ufanye hivyo kwa wote wawili, kwa sababu ukiuandika upande mmoja hautokei upande wa pili. Ni kazi ya dakika moja ambayo huzuia ndoa isiyofaa.

Mali huandikwa kama tukio. Mnazi na ardhi viwe matukio mawili, kwani mwenye mnazi si lazima awe mwenye ardhi. Mashua ya ubia iwe tukio moja lenye washirika wote. Mafungu ya mirathi programu haiyapigi, hayo ni ya kadhi.

Binamu waliooana huifanya michoro imrudie babu yuleyule mara mbili. Si kosa, usimfute.

Nakala ya akiba ihifadhi kwa muundo wa Gramps yenyewe pamoja na picha. GEDCOM, muundo wa faili unaosomwa na programu nyingi za nasaba, ni ya kumpelekea mwenye programu nyingine, na baadhi ya mambo hudondoka njiani. Flashi mbili, nyumba mbili, na moja isiwe kisiwani.