Pikipiki ya kigeni: kuiacha Chile au Uruguay?

Umemaliza Patagonia, kusini mwa Amerika Kusini, baridi ya Juni inakaribia, na gharama ya kuisafirisha pikipiki hadi Ulaya kwa meli inakata maini. Chile ni rahisi kufika, ila forodha humpa mtalii kibali cha kuwa na pikipiki nchini kwa siku 90 tu. Ukiondoka Aprili urudi Novemba, kibali kimekwisha kitambo. Hapo ujiandae kwa faini, au chombo kukamatwa.

Uruguay hutoa miezi 12. Kutoka Buenos Aires unapanda feri hadi Colonia, mji wa Uruguay. Kabla hujaondoka dirisha la forodha, linganisha namba ya fremu na ile iliyo kwenye kibali, tarakimu kwa tarakimu. Kurekebisha baadaye ni kero. Mimi ningechagua Uruguay, hata kwa gereji ghali. Betri uichomoe.