Gym ya mume na mke Sinza: singeli, mazoezi na karate

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa kitini kutwa, na mgongo ulikuwa umeanza kunisumbua vibaya. Jirani ndiye aliyenileta kwenye gym hii, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri. Nina miezi mitatu sasa.

Mama mwenye gym anafundisha dansi. Anaanza na rumba taratibu mpaka viungo vipate moto, halafu anafungulia singeli. Singeli hupita mapigo 200 kwa dakika, kwa hiyo nyimbo mbili tu tisheti imelowa. Ukichoka unatembea palepale, hukai chini.

Mumewe ni mwalimu wa karate. Viatu mlangoni, unainama kabla ya kukanyaga mkeka, na hakuna teke mpaka ujue kusimama. Wiki mbili nzima alinisimamisha zenkutsu-dachi: goti la mbele limekunjwa, mguu wa nyuma umenyooka. Nilidhani ananipotezea muda, kumbe ndipo nilipojifunza kuubeba mgongo wangu. Kilichonigusa zaidi ni hiki: mke akifundisha, mume anacheza mstari wa nyuma kama mwanafunzi. Zamu ikigeuka, mke anafunga mkanda na kumwita “sensei” kama sisi wote.

Feni ni mbili tu, na saa kumi na mbili jioni hewa inakuwa nzito. Waongeze. Bafu la wanawake pia ni moja.

Ila kila nikiingia naulizwa, “Dada, mgongo vipi leo?” Wiki ijayo namleta binti yangu.