Kabla hujahamisha matumbawe kwenye tanki kubwa, uliza sampu inabeba lita ngapi umeme ukikatika

Naandika nikiwa bado na hasira na sakafu yangu bado ina alama nyeupe za chumvi. Nilikuwa na tanki la sentimeta 90 kwa 45, matumbawe yamejazana mpaka yameanza kuchomana, nikasema basi, nikanunua la 150 kwa 60. Nikamuuliza muuzaji kuhusu sampu, yaani lile tanki dogo la chini linalopokea maji yanayoshuka kutoka tanki la juu kisha pampu inayarudisha, akanijibu dada we hamishia tu hiyo ya zamani, inatosha kabisa. Usiku wa tatu umeme ukakatika.

Ngoja niwapigie hesabu ambayo wauzaji hawawapigii. Kwenye tanki langu la zamani kila sentimeta moja ya maji ilikuwa lita 4 hivi. Kwenye hili jipya ni lita 9. Pampu ikizima, maji yote yaliyo juu ya ukingo wa ovaflo, pale yanapomwagikia kuingia bomba la kushukia, yanashuka kwenye sampu, halafu kama mdomo wa bomba la kurudishia umezama, bomba linageuka kama ule mpira wa kunyonyea petroli, linavuta maji kwenda chini mpaka lipate hewa. Wangu ulizama sentimeta 4. 4 mara 9 ni lita 36, na hapo sijahesabu yaliyokuwa kwenye mabomba na boksi la ovaflo. Sampu ilikuwa na nafasi ya lita 20 tu. Zilizobaki nilizikuta chini ya kochi.

Na haikuishia hapo jamani. Umeme uliporudi sampu ikawa imepungua, ile pampu ya kujazia ikadhani maji yamekauka kwa joto, ikamimina maji yasiyo na chumvi, asubuhi napima chumvi, kutoka gramu 35 kwa kilo ya maji iko chini kidogo ya 34, matumbawe yote yamejifunga kama yamenuna.

Kwa hiyo unene wa kioo, stendi, taa, hayo siongelei, yameandikwa kila kona. Mi tanki za kununua nazipanga kwa swali moja tu, umeme ukikatika maji yanaenda wapi?

Namba moja kwangu ni tanki za Red Sea Reefer na sijifichi, naipenda. Inakuja na sampu yake iliyotengenezwa kwa ajili ya tanki lile lile, ina valvu ya kurekebisha maji yanayoshuka na bomba la dharura kama la kwanza likiziba, sio mambo ya kuungaunga. Ila jueni kusoma majina, Reefer 350 maana yake lita 350 pamoja na sampu, tanki lenyewe ni dogo kuliko hapo, usije ukapanga samaki kwa namba ya kwenye boksi.

Namba mbili Waterbox, zile zenye sampu. Majina yake yanaenda kwa galoni halafu futi, yaani 130.4 ni galoni 130 na urefu futi 4. Ni nzuri, sina ugomvi nayo, moyo wangu tu uko kwingine.

Namba tatu ni kutengenezewa na fundi. Hapa unaweza kupata kitu bora kuliko hizo mbili, kwa sharti moja, hesabu upige wewe. Urefu mara upana kwa sentimeta, gawa kwa 1000, unapata lita za kila sentimeta moja, zidisha kwa kina ambacho maji yatashuka, ongeza ya mabomba, ndio umwambie fundi nataka sampu yenye nafasi hiyo na zaidi. Akianza kukwambia weka chekivalvu, ile valvu ya kupitisha maji upande mmoja tu, utakuwa salama, mwache. Konokono mmoja tu au ukoko wa chokaa ukikaa pale, valvu haifungi.

Tanki za kila kitu ndani, zenye chemba nyuma, hazina sampu kwa hiyo hazimwagi, ila nyingi ni ndogo na wewe unahama ili upate nafasi.

Tanki la bei rahisi lisilo na tundu, na ovaflo ya kuning'iniza, inayonyonya maji kupitia juu ya kioo: hapana. Ikipoteza mvuto pampu inaendelea kusukuma na mafuriko yanatokea juu.

Kinachoniuma ni kwamba wauzaji wanakupigia picha tanki chini ya taa za bluu, wanakutajia lita, wanakutajia kioo cheupe pee, lakini nafasi tupu ya sampu ukiuliza wanakuangalia kama umeuliza umri wa mama yao. Na bei ya sampu wanaiweka pembeni ili tanki lionekane rahisi.

Kuhama kwenyewe sio kugumu. Mawe yabaki kwenye maji muda wote maana bakteria wengi wamo humo, mchanga wa zamani usiuchote na uchafu wake ukaumimina kwenye tanki jipya, amonia itapanda, maji mapya yawe na chumvi na joto sawa na ya zamani, na taa anza nayo chini.

Lakini kabla kiumbe hajaingia, jaza tanki, washa pampu, yakitulia zima ghafla, kaa chini karibu na sampu na kikombe chako cha chai uangalie yanapanda mpaka wapi. Yakipita, punguza maji ya sampu au pandisha mdomo wa bomba uzame sentimeta moja tu, halafu zima tena. Mimi sasa hivi nimezima mara sita.