Bakteria Mwenye Kiini: Uzoefu Wangu na Seti ya Modeli za Seli

Nimejizuia kuandika haya kwa wiki kadhaa, nikitumaini kwamba duka lingenipigia simu kama lilivyoahidi, lakini simu haijaita, na naona walimu wenzangu wa Baiolojia wana haki ya kujua kilichomo ndani ya boksi lile kabla hawajatoa fedha zao. Ni seti ya modeli tatu za plastiki, yaani seli ya mmea, seli ya mnyama na bakteria, pamoja na vipande vidogo vya seli maalumu, inayouzwa katika duka moja la zana za kufundishia huko Kariakoo. Bei na vipimo mtavipata mkifika. Kijana wa kaunta amevikariri vyote, na nadhani hicho ndicho pekee alichokikariri.

Kasoro niliyokutana nayo ni moja: bakteria amewekewa kiini.

Sizungumzii doa la rangi wala kivuli ambacho mtu angeweza kukisingizia mwanga hafifu. Ni tufe jekundu la plastiki, kubwa kama gololi, limegandishwa kwa gundi katikati ya sitoplazimu, yaani ute unaojaza seli, likiwa na utando wake na vitundu vyake vilivyochongwa kwa uangalifu. Ni tufe lilelile lililomo katika modeli ya seli ya mnyama. Nimeyaweka pamoja mezani na hayatofautiani hata kwa ukucha. Maboksi yenyewe hufungwa kwa nailoni, na dukani hawaruhusu mtu kufungua kabla ya kulipa, kwa hiyo nilikutana na kiini hicho nikiwa ofisini, mbele ya mwenzangu wa Kemia, ambaye alicheka mpaka akaona ni heri aweke kikombe cha chai chini.

Kwa mtu asiyefundisha somo hili, huenda hasira yangu ikaonekana kubwa kuliko kosa. Naomba anivumilie. Viumbe vyote vyenye seli hugawanywa kwanza kwa swali moja, nalo ni kama DNA, yaani kemikali inayobeba maelekezo ya urithi, imefungwa ndani ya utando au imeachwa wazi. Mmea, mnyama, uyoga na amiba wako upande wa yukarioti, kwa sababu DNA yao imehifadhiwa ndani ya kiini. Bakteria yuko upande wa prokarioti: DNA yake, ambayo kwa kawaida ni duara moja refu, imejikunjakunja ndani ya sitoplazimu bila utando wowote wa kuizunguka, na pembeni yake mara nyingi huwapo viduara vidogo vinavyoitwa plasmidi. Tofauti hiyo haikubuniwa ili kuwatesa watahiniwa. Katika seli zetu, nakala ya jeni hutengenezwa ndani ya kiini, hurekebishwa humohumo, kisha hutolewa nje na kupelekwa kwenye ribosomu ili protini itengenezwe. Bakteria hana mlango wa kuisubirisha nakala, na ribosomu zake huanza kuisoma hata kabla haijakamilika kuandikwa, jambo linalomwezesha kuitikia haraka mabadiliko ya mazingira yake. Escherichia coli, bakteria wa utumboni, akipata chakula na joto linalomfaa, anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Ukishamwekea bakteria kiini, umemfuta bakteria.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba sehemu nyingine zote za modeli hiyo ni sahihi. Flagela, ule mkia wa kuogelea, ipo, kapsuli, ile ganda la nje, ipo, ribosomu zimetawanywa kama inavyotakiwa, hakuna mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, na hata plasmidi mbili za rangi ya njano zimewekwa mahali pake. Aliyeisanifu alijua anachokifanya. Kisha akaja mtu mwingine na gundi.

Jumamosi iliyofuata nilirudi dukani na boksi langu pamoja na risiti. Kijana alinisikiliza huku akiandika ujumbe kwenye simu yake, na nilipomaliza akaitazama modeli, akaitazama tena, akaniuliza: "Madamu, kwani bakteria si kiumbe hai? Sasa ataishi vipi bila kiini?" Lilikuwa swali zuri, na laiti lingeulizwa na mwanafunzi wa kidato cha kwanza ningelifurahia na kulipatia kipindi kizima. Nilijaribu kumweleza kwa upole. Hakunipa nafasi ya kufika mbali. Alinionyesha kwa kidole maandishi yaliyobandikwa ukutani, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, akaendelea na simu yake.

Nikaomba kuonana na mwenye duka. Mzee huyo alitoka nyuma akiwa mtulivu, akanikaribisha kiti, nami nikadhani nimefika kwa mtu. Nilimweleza kwamba maumbile ya seli ya bakteria ndiyo yanayotuwezesha kumtibu mgonjwa bila kumwua: dawa ya amoksilini huvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria, ambao umejengwa kwa peptidoglikani, na kwa kuwa seli za binadamu hazina ukuta kabisa, dawa haina cha kubomoa kwetu, vivyo hivyo tetrasaikilini na erithromisini huzilenga ribosomu za bakteria, ambazo ni ndogo na zina muundo tofauti na zile zilizomo katika sitoplazimu yetu. Nikamwambia kwamba mtoto anayejifunza leo kuwa seli hizi zote ni kitu kimoja kilichopakwa rangi tofauti atakuwa na kazi ngumu kesho kuelewa kwa nini dawa ya bakteria haimsaidii mwenye mafua ya virusi. Alitikisa kichwa kwa heshima hadi mwisho. Kisha akasema: "Mwalimu, wenzako wamechukua maboksi kama haya, shule nyingi tu, na hakuna hata mmoja aliyerudi."

Alidhani ananituliza. Mimi nilitoka pale nikiwa nimechemka, kwa sababu maana ya maneno yake ni kwamba viini hivyo vyekundu vimesambaa katika maabara nisizozijua, na watoto wanavichora kwenye madaftari yao. Waliniahidi wangewasiliana na msambazaji na kunipigia simu. Kama mmesoma mwanzo wa maelezo haya, mnajua kilichofuata.

Nilikusudia kuandika "msinunue" na kuishia hapo. Tatizo ni modeli ya mmea.

Sijawahi kushika modeli nzuri kama ile. Ukuta wa selulosi unabanduka peke yake, utando wa seli ukabaki ndani, na mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba ni vitu viwili, jambo ambalo ubaoni nimelieleza mpaka sauti ikakauka. Vakuoli kubwa ya kati, mfuko wa maji wa seli, inachukua nafasi yake halali, ikiwa imekisukuma kiini pembeni. Mitokondria zimo, nalo si jambo dogo, kwa maana wanafunzi wengi hushikilia kwamba mmea ukiwa na kloroplasti, zile sehemu za kijani za usanisinuru, hauhitaji mitokondria, wakisahau kwamba sukari inayotengenezwa kwa mwanga ni lazima ivunjwe ndipo seli ipate nishati, mchana na usiku. Kloroplasti moja inafunguka, na ndani yake, kando ya vifungu vya tilakoidi, yaani vifuko bapa vinavyonasa mwanga, vilivyopangwa kwa tabaka, kuna kijiduara chembamba cha njano. Nilikitazama muda mrefu kabla ya kuamini: ni DNA ya kloroplasti yenyewe! Ni kweli kloroplasti na mitokondria zina DNA yao na ribosomu zao, na hiyo ni miongoni mwa sababu zinazowafanya wanabaiolojia wakubaliane na hoja aliyoitetea Lynn Margulis katika makala yake ya mwaka 1967, kwamba sehemu hizi zilitokana na bakteria walioingia na kuishi ndani ya seli nyingine zamani sana. Basi fikirieni: kiwanda hichohicho kilikumbuka kuiachia DNA ya kloroplasti wazi kwa sababu asili yake ni bakteria, halafu bakteria mwenyewe kikamfungia DNA ndani ya tufe.

Vipande vidogo vya seli maalumu navyo vinastahili sifa. Seli ya unywele wa mzizi ina mkono mrefu unaoongeza eneo la kufyonzea maji na madini, na hawakuipaka kijani, kwa kuwa haifanyi usanisinuru chini ya udongo. Mbegu ya kiume ina mitokondria zilizojipanga nyuma ya kichwa, pale zinapohitajika kuendesha mkia. Chembe nyekundu ya damu imebonyea pande zote mbili na haina kiini, sawasawa kabisa. Hiki cha mwisho kilinifurahisha siku moja tu, kwa kuwa nilipokipeleka darasani mwanafunzi mmoja alikiweka kando ya bakteria na kuniuliza kama chembe nyekundu ni bakteria aliyenyang'anywa kiini. Ilinibidi nieleze kwamba chembe hiyo huanza safari yake ndani ya uboho ikiwa na kiini, kisha hukitoa, na hivyo nafasi ya hemoglobini inayobeba oksijeni huongezeka, ndipo huzunguka mwilini kwa siku 120 hivi bila uwezo wa kugawanyika. Bakteria, kwa upande wake, hana kiini cha kutoa, na hugawanyika bila shida. Maelezo hayo ni mazuri na niko tayari kuyatoa wakati wowote, lakini sikuyatarajia kuyatoa ili kufidia gundi ya mtu.

Kuhusu modeli ya seli ya mnyama sina mengi. Ni nzuri, ya kawaida. Kuhusu ukubwa, modeli zote tatu zinalingana ilhali bakteria wengi wana urefu wa mikromita 1 hadi 5 na seli nyingi za mimea zina mikromita 10 hadi 100, nawasamehe, kwa sababu bakteria wa uwiano halisi angepotelea mfukoni mwa mwanafunzi.

Hatimaye nilimng'oa yule bakteria kiini kwa plaizi. Gundi ilikuwa ya kweli. Palibaki shimo lenye kingo mbaya. Wanafunzi walichukua uzi mwekundu wa kushonea, wakaunganisha ncha zake ziwe duara, wakaanza kuusukuma ndani ya modeli kidogokidogo, na kila waliposhindwa nikawakumbusha kwamba DNA ya Escherichia coli, ikinyooshwa, ina urefu unaozidi milimita moja, wakati mwili wake una takribani mikromita 2. Kelele za kipindi kile zilimleta mwalimu wa zamu mlangoni. Swali la jinsi uzi mrefu namna hiyo unavyokunjwa usijifunge mafundo liliulizwa na mtoto ambaye tangu muhula uanze hakuwahi kunyoosha mkono.

Kwa hiyo nimekwama. Ningetoa nyota tano kwa mmea, nne kwa vipande vidogo, na kwa bakteria nisitoe kitu. Kwa huduma ya duka ningependa kudai nyota walizopewa na wengine. Niliuliza kama naweza kumpelekea rafiki yangu wa shule ya jirani modeli ya mmea pekee, nikajibiwa kwamba hawavunji seti. Kama mnaweza kuishi bila hiyo, acheni. Kama hamwezi, na mkishaishika mtaona kwamba ni vigumu, ombeni boksi lifunguliwe kabla ya kulipa. Wakikataa, kama walivyonikatalia mimi, lipeni, dai risiti, na mkifika shuleni muazime plaizi kwa fundi.