SQE, New York na Kanada: mlango upi unamfaa wakili wa Mbeya

Mazungumzo ya "kutoka" yamezoeleka kwenye korido za Mahakama Kuu Mbeya. Mmoja hutaja London, mwingine New York, wa tatu ana binamu Calgary. Leseni ya nje ni huduma inayonunuliwa kama nyingine yoyote: ina bei, ina masharti ambayo wengi hawayasomi, na ina mahali inapokwama. Hapa tunazipima tatu kwa kipimo kimoja: wakili mwenye ofisi Uhindini, Mbeya, au Gangilonga, Iringa, atafika wapi kabla ya kulazimika kufunga mlango na kurudisha mafaili ya wateja?

Inayoshinda ni SQE, mtihani wa kuwa solisita wa England na Wales, ulioanza 2021. Anayeanza upya kule hudaiwa pia miaka miwili ya uzoefu wa kazi unaotambuliwa. Wakili aliyekwisha kuandikishwa katika nchi nyingine hadaiwi miaka hiyo. Anabaki na mitihani na uchunguzi wa mwenendo wake. Hiyo peke yake inaokoa muda kuliko njia yoyote nyingine tuliyoipima.

SQE1, hatua ya kwanza, ina karatasi mbili, FLK1 na FLK2. Kila karatasi ina maswali 180 ya kuchagua jibu moja lililo bora kati ya matano, na hupewa siku yake: saa tano na dakika sita, zilizokatwa vipindi viwili vya maswali 90. Ukigawa unapata sekunde 102 kwa swali, na maswali yenyewe ni visa vya mistari sita saba. Ukifeli karatasi moja unarudia hiyo tu, lakini majaribio ni matatu kwa kila mtihani ndani ya miaka sita. Hufanywa kwa kompyuta katika vituo vya Pearson VUE vya nchi nyingi, kwa hiyo hadi hapo huhitaji viza ya Uingereza. Usitarajie kufanyia Mbeya. Weka nauli ya ndege ya kutoka Songwe kwenye bajeti, na wahi kiti siku dirisha la kuchagua kituo linapofunguliwa.

SQE2, hatua ya pili, ina mazoezi 16, kumi na mawili ya kuandika na manne ya kuzungumza. Yale manne, yaani kumhoji mteja na kutetea hoja mbele ya jaji, hufanyika England au Wales tu, na hapo ndipo safari ya kweli inapoanza. Ada ya hatua zote mbili inakaribia pauni 5,000 na imekuwa ikipandishwa. Msamaha unaweza kuombwa, ila hutolewa kwa FLK1 nzima, FLK2 nzima au SQE2 nzima. Hakuna msamaha wa somo moja moja, hivyo usipoteze muda kueleza kwamba umefanya kesi za madai miaka kumi ili ukwepe somo la mashauri peke yake.

Mawakili wetu huangushwa zaidi na masomo wanayodhani wanayajua. Chukua mikataba. Sheria yetu, Sura ya 345, imefuata ile ya India ya 1872. Kwetu malipo ya ahadi yanaweza kuwa kitu kilichokwisha kufanywa kwa ombi la mtoa ahadi, na yanaweza kutolewa na mtu mwingine asiye mpokea ahadi. England kanuni ya jumla inakataa yote mawili. Ukijibu kwa mazoea ya Mbeya utachagua jibu lililowekwa pale makusudi likusubiri. Ardhi ni mbaya zaidi. Aliyezoea Sura ya 113 na 114, ambako ardhi ni ya umma na mtu ana haki ya kuitumia, anakutana na umiliki wa moja kwa moja, upangaji wa miaka 999 na Sheria ya Mali ya 1925. Hapo uzoefu wa kesi za mipaka ya mashamba Rungwe haukusaidii hata kidogo. Hesabu za solisita, yaani fedha ya mteja dhidi ya fedha ya ofisi, na VAT juu yake, ni somo dogo lenye alama nyingi za bure kwa atakayekaa nalo wiki mbili. Wengi huliacha mwishoni.

Upande wa New York, ada ya mtihani kwa mhitimu wa nje ni dola 750, na alama ya kupita ni 266 kati ya 400. Tanzania inahesabika kuwa nchi ya mfumo wa sheria wa Kiingereza, kwa hiyo shahada iliyosomwa darasani kwa muda unaotosha yaweza kukupeleka kwenye mtihani bila kusoma shahada ya uzamili Marekani. Ikipungua upande mmoja, wa muda au wa mfumo, uzamili wa angalau krediti 24 huziba pengo. Shahada iliyosomwa kwa masafa haipiti. Jua hilo kabla ya kulipa senti yoyote.

Tatizo la New York ni karatasi. Kabla ya mtihani unaomba tathmini ya masomo yako, na matokeo ya chuo lazima yatoke chuoni moja kwa moja hadi kwa bodi ya mitihani. Bahasha uliyoibeba mwenyewe, hata ikiwa na lakiri, haihesabiki. Unatakiwa pia uthibitisho kwamba chuo kilikuwa na ithibati uliposoma, jambo ambalo kwetu ni la Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na kwamba umetimiza masharti ya elimu ya kuwa wakili nchini kwako.

Hapo waliosoma Nyanda za Juu Kusini wana mtego wao. Chuo Kikuu cha Iringa kilikuwa Chuo cha Iringa chini ya Chuo Kikuu cha Tumaini, na Chuo Kikuu Kikatoliki cha Ruaha kilianza kama chuo kishiriki cha SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Cheti cha zamani kina jina moja, na barua inayotoka leo ina jingine. Mkaguzi wa bodi ya mitihani kule Albany hajui historia hiyo. Anaona vyuo viwili. Omba chuo kiandike aya moja inayoeleza jina la zamani, jina la sasa na mwaka wa mabadiliko, na iingie kwenye bahasha ileile yenye matokeo. Ikija baadaye peke yake, faili linaweza kuwa limeshawekwa pembeni.

Wachache wanajua kwamba saa 50 za msaada wa kisheria bila malipo, ambazo New York inazidai kabla ya kukuandikisha, zinaweza kufanywa nje ya Marekani chini ya wakili anayesaini fomu yao. Wakati wa kuwasaidia wajane wa mirathi Mwanjelwa, weka daftari la tarehe na saa.

Kanada ina NCA, kamati ya taifa inayopima shahada za sheria za nje, na kwa asiye na mtaji ndiyo yenye huruma. Wanapima shahada yako, kisha wanakupangia masomo. Matano ni ya lazima kwa karibu kila mgeni: katiba, sheria ya utawala, jinai, misingi ya sheria ya Kanada na maadili ya taaluma. Kuna pia sharti la utafiti na uandishi wa kisheria. Mitihani ni ya mtandaoni, kitabu wazi, chini ya usimamizi wa kamera, kwa hiyo unaifanyia sebuleni. Kinachoua hapa ni umeme. Mtihani unaoanza saa 3 asubuhi Toronto majira ya joto kwetu ni saa 10 jioni, unamalizika giza limeingia. Kodi chumba chenye jenereta, weka laini za simu za mitandao miwili, na usiamini Wi-Fi ya hoteli. Ukimaliza bado una mafunzo ya kazi na masharti ya chama cha mawakili cha jimbo, na huko ndiko foleni iliko. Québec ina mfumo wake, usiihesabu.

Anayetamani Dubai naye hurudi kwenye SQE: mahakama za DIFC, eneo la kimataifa la fedha la Dubai, hutumia misingi ya sheria ya Kiingereza, na leseni ya England husomeka haraka pale.

Kwa njia zote tatu, usiache leseni ya nyumbani ife. Leseni ya uwakili huisha 31 Desemba, na hali yako huonekana hadharani kwenye e-Wakili. Mtu huacha kuhuisha mwaka mmoja kwa sababu "nasafiri", kisha anaomba barua ya msimamo mzuri kwa Msajili wa Mahakama Kuu na kwa chama cha mawakili, TLS, na barua inatoka ikieleza pengo. Omba barua hizo mwishoni, maana taasisi za nje mara nyingi hukataa iliyozidi miezi mitatu. Kabla ya hapo linganisha herufi kwa herufi jina la cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha shahada, la daftari la mawakili na la pasipoti. "Mwakyusa" na "Mwakiusa" ni watu wawili kwa karani wa kigeni, na hati ya kubadili jina huchukua wiki.

Kupita mtihani si ruhusa ya kuingia nchini. Kwa Uingereza utahitaji mwajiri mwenye kibali cha kukudhamini, na Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake husamehewa kuthibitisha Kiingereza. Kusoma shahada kwa Kiingereza kunakubalika, lakini hadi Ecctis, taasisi ya Uingereza inayolinganisha vyeti vya nje, ithibitishe. Kipimo cha kifua kikuu cha viza hufanyiwa kliniki ya IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, Dar es Salaam na cheti chake hudumu miezi sita, hivyo usikimbilie kupima kabla barua ya udhamini wa mwajiri haijawa mkononi.